Kijiti cha Pamba Nilichokifanya Chupa ya Damu

Skola mwanangu,

Usitafute ndani ya barua hii habari za koti zito, wala namna ya kuficha pesa ndani ya soksi, wala chakula gani ule huko uendako. Hayo mama zako wadogo wameshakuambia mpaka masikio yamekuuma, na nusu yake wamebuni, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka mpaka wa mkoa. Mimi nimevuka. Nimefika Tunduma mpakani, na askari wa upande wa pili alinipigia saluti kwa jinsi nilivyovaa. Lakini hilo tuliache.

Nimekaa hapa Kinole, pale tunapopakilia ndizi. Nimegeuza kreti kuwa meza, jua bado liko juu, na nakuandikia nikiwa na hasira. Bora ujue mapema. Kesho asubuhi unapanda basi Msamvu kwenda Dar, na kutoka Dar unapanda ndege kwenda kusoma vinasaba na hiyo homa inayoua wazazi waliotoka kujifungua. Unaondoka na vijiti vyenye mate ya familia nyingine. Vya kwetu huna. Ukoo uliomzika mama yako kwa homa hiyo, ukamzika na mama mdogo wa mama yako kabla yake, ukoo ambao mwezi uliopita nusura umzike mdogo wako Fides, ndio uliokukatalia. Na aliyeufanya ukatae ni mimi. Si mimi peke yangu, usifurahi sana, lakini ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Wewe ulikuwa umeanza kubadilisha meno. Mama yako, dada yangu Perpetua, alimzaa Fides salama kabisa, juu kule kwa bibi yako. Mkunga akanawa mikono akaenda zake, sisi tukala ndizi na maharage tukicheka. Kisha Perpetua akaanza kutetemeka. Mwili unakuwa moto, unakuwa baridi, tumbo la chini halitaki kuguswa. Maneno yakaanza kumchanganyika, akawa ananiita kwa jina la marehemu baba yetu. Mimi nilikuwa kijana wa kiwandani wakati huo, nimepanda kutoka mjini na viatu vinavyong'aa. Nikasema tumbebe tumpeleke hospitali. Vijana walikuwa tayari, mianzi ya machela imekatwa, blanketi limefungwa.

Bibi yako akasimama mlangoni. Unajua kwetu mzazi havuki mto kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Mto wenyewe, kipindi kile cha kiangazi, mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Lakini mto ni mto, na bibi yako alisema ukivukwa mapema utamchukua mtoto. Mjomba wetu mkubwa ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho wakati ule. Akasema tungoje kitovu. Tukangoja kitovu. Mama yako alifariki machela ikiwa imeegemezwa ukutani, mianzi yake bado mibichi.

Kisa cha yule chui niliyemzaba kibao nimekusimulia kwa namna nyingi. Mara alikuwa na mkia, mara hana, mara walikuwa wawili. Hiki cha mama yako nakisimulia namna moja tu tangu siku ile. Hivyo ndivyo utakavyojua maneno yangu ya kweli: hayabadiliki.

Tangu hapo nilitaka jina la kilichomuua. Watu walinipa majina mengi kuliko niliyoyaomba. Jicho la jirani. Mwiko. Mume katoka nje mke akiwa mzazi. Hilo la mwisho walimbebesha baba yako mpaka akarudi kwao Mahenge, na ndiyo maana ulilelewa na mimi. Yule bwana hakutoka nje. Kila jioni tulikuwa naye tunacheza bao. Nilisema hivyo, wakacheka, wakasema Konradi naye ameanza hadithi zake.

Kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi nikapunguzwa. Unakumbuka nilivyokuwa nawaambia watu kwamba nilikuwa fundi mkuu wa mashine kubwa? Nilikuwa nafagia pamba chini ya mashine kubwa. Lakini nilikuwa nafagia karibu sana na fundi mkuu. Basi nikaja kwenye ndizi, na ndizi zikakusomesha, na ulipochaguliwa kusoma sayansi nikamwambia kila mtu kwenye barabara hii: huyu ndiye atakayeniletea lile jina.

Sasa njoo mwezi uliopita. Fides alitakiwa ashuke mjini mapema, ulimwambia kwenye simu nami nikaahidi kumshusha. Mvua ikakata barabara, mtoto naye akawahi, akazaliwa kulekule kwa bibi. Homa ikaja. Nilipoingia nikaona ule mtetemeko, ule ule, nikaona na bibi yako amekwenda kusimama mlangoni palepale. Tofauti ni moja: safari hii mwenye kauli ya mwisho ni mimi.

"Kitovu bado, Konradi."

"Mama, sogea."

"Nimesema kitovu bado."

"Kitadondokea Morogoro. Hata kule kuna ardhi ya kukifukia."

"Na ukimuua?"

"Akifia njiani mnizike naye. Sogea, Mama, nisije nikakubeba na wewe."

Akasogea. Hakunikubalia, alisogea tu. Dominiki, mume wa Fides, akashika mbele, mimi nikashika nyuma. Watu nimewaambia nilishika mpaka chini barabarani. Wewe nakuambia pumzi ziliniishia baada ya mto, jirani akapokea. Tukamlaza kwenye lori juu ya mikungu ya ndizi, mtoto kifuani kwa Dominiki, na kila shimo la barabara ile nililitukana kwa jina lake.

Wodini wakamwekea dripu, wakampiga dawa, homa ikabaki palepale. Ndipo ukatokea wewe kutoka maabara yao, na koti lako jeupe, miwani imeshuka puani. Ukaniambia kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu, na mwili wenyewe katika kupigana navyo unaanza kujiharibu. Kwamba kawaida damu huoteshwa kwenye chombo ili waone ni mdudu gani anaota na dawa gani inamuua, na kuotesha huko kunakula siku kadhaa, na mzazi wa namna hii hana siku hizo. Mkatuma kichupa Dar na basi, ndani ya kopo la barafu, kwenye mashine inayosoma vinasaba vya mdudu mwenyewe bila kungoja aote. Kesho yake mchana simu ikalia. Mdudu amejulikana, na amebeba kinasaba cha kuikataa dawa ile ile tuliyokuwa tunampa. Daktari akabadilisha. Baada ya hapo nikawa nahesabu pumzi zake mpaka asubuhi moja akaomba uji, akaonja, akalalamika hauna sukari. Nikatoka nje nikalia nyuma ya bomba la maji, na mtu akikuuliza, sikulia.

Nilitaka kwenda Dar kuipigia magoti mashine ile. Wewe ukaniharibia.

"Mjomba, si mashine peke yake."

"Sasa nini?"

"Ulimleta mapema. Akapata maji ya mshipani. Na dawa ya pili kwa bahati ilikuwepo stoo. Mashine ilituonyesha tu ipi."

"Na mama yako je? Yeye mashine ingesema nini?"

Ukavua miwani, ukaifuta kwa ncha ya koti, ukairudisha. "Mama hatuna damu yake, Mjomba. Na huenda alikuwa na kijidudu cha kawaida tu. Cha kufa kwa sindano za kawaida, zile zilizokuwepo hata wakati ule."

Skola, jibu hilo linaniwasha mpaka leo. Nilikuwa nimejiandaa kwa adui mkubwa. Nimemlea adui huyo kichwani miaka yote, nimempa pembe na kucha. Halafu mtoto niliyemlea mwenyewe ananiambia huenda ni kitu cha kawaida, na mto ambao mbuzi anavuka.

Ndipo ukaniomba lile jambo dogo. Ukasema hamjui bado kwa nini homa hii humpitia mwanamke mmoja na kumwangusha mwingine wodi hiyohiyo. Huenda ni mdudu, huenda ni kuchelewa, huenda miili ya baadhi ya watu inapokea vita hiyo vibaya zaidi na jambo hilo linakwenda kwenye familia. Ndiyo maana mnakusanya kwa familia nyingi, zilizopatwa na zisizopatwa. Kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu, basi. Jina linaondolewa, inabaki namba. Hamtafuti nani kamzaa nani, wala hamumpi mtu habari hizo. "Wewe ndiye mjomba," ukaniambia. "Ukiwaeleza wewe watasikia."

Kijiti cha pamba! Hebu jiweke mahali pangu. Mimi Konradi, niliyemvusha Fides mto, nisimame kilabuni mbele ya watu niwaambie habari ya kijiti cha pamba? Nikasema kichupa. Kopo la pili la pombe lilipofika, kichupa kilikuwa chupa ya soda.

"Na mashine yenyewe ikoje?" akauliza Beatusi, yule binamu yangu mwenye shamba la karafuu kule juu.

"Ndefu kama basi. Ina taa mbele na nyuma. Ukiitia damu inanyamaza, halafu inakohoa."

"Inakohoa?"

"Inakohoa mara moja, inasema: huyu ni Fides, mpwa wa Konradi wa Kinole."

Wakacheka kweli kweli. Na unanijua, watu wakicheka mimi sina breki.

"Yaani inakujua mpaka wewe?"

"Mimi nini! Inajua ukoo mzima mpaka kwa bibi wa bibi. Inajua nani ni wetu wa damu, na nani aliletwa tu akapewa jina letu."

Beatusi akaweka kopo lake chini. Hakuna aliyecheka tena, na mimi, mjinga wa mwisho, nikadhani wameshangazwa na mashine.

Nisikusimulie kama hujui: kwetu ardhi inapita kwa mama. Na bibi wa Beatusi aliingia ukoo wetu wakati wa njaa akiwa binti mdogo, akapewa jina, akapewa na shamba, na jambo hilo halisemwi. Zamani lisingekuwa neno. Lakini siku hizi wanapanda watu wa mjini na magari yao kutafuta mashamba ya viungo wanunue, na kila mwenye karafuu anageuka nyuma kuangalia nani atamuuliza umepata wapi. Mimi sikuwa namfikiria Beatusi hata kidogo. Nilikuwa nafikiria basi lenye taa.

Kesho yake mama yako mdogo Anna alizungumza nami dirishani, mlango umefungwa. "Damu yangu hamuipati. Mnataka kutupanga nani akae na nani aondoke."

"Anna, ni kijiti cha pamba tu, kinasuguliwa shavuni."

"Jana chupa, leo kijiti. Kesho itakuwa nini, unyoya?"

"Jana nilitia chumvi."

"Na chui je?"

"Chui ni kweli!"

Akafunga na dirisha.

Nimezunguka nyumba zote. Kila nilikokwenda neno lilikuwa limenitangulia, na lilikuwa limekua: sasa damu ni ndoo, sasa mashine inapiga picha za makaburi. Nilijua kwa nini linakua, maana nilimtambua aliyelifundisha kukua. Na hicho ndicho kinachonikera, mwanangu. Maisha yangu yote nimewazoesha watu hawa kuniamini nusu, na wote tulifurahi, wao kwa kucheka na mimi kwa kuchekewa. Halafu nikashika jambo moja la kweli, dogo kama kijiti, na sikuwa na mdomo wa kulisemea.

Sikuambii usitie chumvi. Huna kipaji hicho, umemfuata mama yako. Wewe una tatizo la upande mwingine, na kwa kuwa unaondoka acha nikuambie. "Huenda." "Hatujui." "Inawezekana." Unasema maneno hayo ukiangalia sakafu, kama mtu aliyevunja sahani. Nesi mmoja pale wodini alisema "hatujui" kwa Dominiki, akavuta kiti akakaa naye, na Dominiki akatulia. Wewe ulisema "hatujui" ukaenda kuangalia karatasi zako, na Dominiki akanifuata nje kuniuliza kama Fides anakufa. Neno lilikuwa lile lile.

Na kuna jingine, halihusu wewe ila sina wa kumwambia. Mnasema mashine hizo zitazidi kuwa ndogo na za haraka, jibu litoke palepale wodini kabla mzazi hajazidiwa. Vizuri. Lakini kutoka kwa bibi yako mpaka wodini, mvua ikinyesha, jibu litakuwa limetoka na mgonjwa hajafika. Mnasoma mdudu mpaka herufi zake za ndani, na barabara ya Kinole hakuna aliyeisoma. Tulipofungua milango ya biashara tukapata makampuni ya simu mengi kuliko maduka ya chumvi, na hakuna hata moja linaloshika kwa bibi yako mpaka upande juu ya jiwe. Nina hasira na hayo yote, na sijui nimpelekee nani hasira hizo, ndiyo maana zimekuangukia wewe.

Nilitaka kuishia hapo, nikuwekee barua kwenye begi, uisome ukiwa angani ambako huwezi kunijibu.

Lakini nimeinua kichwa sasa hivi nikaona watu wanashuka njia ya juu. Mbele bibi yako na fimbo yake. Nyuma yake Fides na mtoto mgongoni. Anna. Na nyuma kabisa, huwezi kuamini, mama yake Beatusi, kajitanda kanga kama anakwenda kanisani. Bibi yako hajashuka huku barabarani tangu Pasaka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yule mtoto wa vijiti yuko wapi?"

"Skola? Yuko mjini, Mama. Kesho asubuhi anaondoka."

"Basi tupeleke. Nimesukutua mdomo tangu asubuhi na sijala kitu. Fides anasema ndivyo alivyoambiwa."

Kumbe Fides, aliyesuguliwa shavu wodini mimi nikiwa nje nasimulia watu habari za lori, amepita nyumba kwa nyumba akiwaonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Hivi, basi. Mtoto mgongoni, kitovu kilidondokea wodini na mto haukumchukua. Hakuongeza neno jingine.

"Mama," nikasema, "mimi nimewabembeleza mpaka viatu vimeisha. Mbona kwangu mlikataa?"

"Wewe ulileta chupa."

Nikamwangalia mama yake Beatusi. Bibi yako akaona ninakoangalia. "Shamba lile niligawa mimi na marehemu kaka yangu, mbele ya watu. Hakuna pamba ya kulirudisha. Nimemwambia yeye, na leo jioni nitamwambia Beatusi, na wewe utakaa kimya nikimwambia."

Halafu akakaa kwenye kreti yangu, hapa juu ya karatasi zangu, ikanibidi nizivute kutoka chini yake. Akawa anaangalia barabara. Aliponiambia yaliyofuata hakunigeukia.

"Mwambie Skola asome vizuri. Kama ni damu yangu ndiyo iliyomuua Perpetua, aseme. Kama ni mto, aseme pia. Mimi ni mtu mzima, nitasikia."

Skola, nimemsikia bibi yako akitoa amri, nimemsikia akilaani, sijawahi kumsikia akiuliza kama kosa ni lake. Najua ulichoniambia, kwamba mama yako hamna damu yake, kwamba shavu la bibi mmoja halijibu swali kama hilo, kwamba mnahitaji watu wengi na miaka. Najua jibu lako litakuwa "huenda". Sikuthubutu kulisema. Likitoka kinywani mwangu litaonekana hadithi.

Kwa hiyo mpango umebadilika, usiisome barua hii ndegeni, isome leo. Simu yako nimeipiga mpaka yule dada wa sauti ya simu nimemzoea: hupatikani. Dominiki anashuka na pikipiki, anakuletea karatasi hizi mkononi. Sisi tunapanda lori la ndizi alfajiri, mimi na wanawake hawa wanne na mtoto, tutakuwa Msamvu kabla dereva wa basi lako hajanawa uso. Njoo na vijiti, na zile karatasi za kukubali ambazo uliniambia kila mtu asomewe kwanza, na mwenzako wa kuvirudisha maabara. Waeleze wewe. Mimi nitasimama mbali, kwenye mizigo, na nimeapa sitafungua mdomo.

Na bibi yako akikuuliza lile swali, mpe hilo "huenda" lako kama lilivyo, usilipunguze wala usiliongeze. Ila keti naye kwanza, na umwangalie.

Hajala bado. Nimempelekea ndizi mbivu, amekataa, anasema kinywa ni cha Skola mpaka kesho. Usichelewe.

Mjomba wako,
Konradi